Ng'ombe katupa mimba ya miezi 7, kondo halikutoka: ni brusela?

MitambaNjombe
Wakuu salaam. Nina ng'ombe wa maziwa 6, wawili kati yao ni mitamba. Juzi mmoja katupa mimba ya miezi 7. Kondo la nyuma halikutoka, kijana wa bandani akalivuta kesho yake kwa mikono mitupu. Hatutumii uhimilishaji, dume ni la jirani na linapanda kijiji kizima. Muuza dawa anasema nichome OTC 20% (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) yataisha. Je, hii ni brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba na kuambukiza hata watu? Nikimchoma atapona? Na maziwa ya waliobaki niendelee kuuza? Wateja wanachukua mabichi na mtindi.

Bwana_Mifugo
Mkuu, banda kwanza, sindano baadaye. Kama ni brusela, hatari kubwa imelala pale alipotupia. Kitoto, maji ya uzazi na kondo vinajaa bakteria kuliko hata maziwa, na penye kivuli na unyevu bakteria hao wanaishi miezi. Wenzake wanaambukizwa kwa kulamba uchafu huo au kula majani yaliyochafuliwa. Kwa hiyo dume la jirani usilibebeshe lawama zote. Kwa ng'ombe, kupanda kwa kawaida si njia kuu ya brusela, ingawa linaeneza magonjwa mengine.

Atakayefanya kazi avae gambuti, glavu ndefu, barakoa na miwani ya kuzuia kurukiwa. Chimba shimo la mita 1.5 hadi 2, mbali na kisima, litumbukizwe kila kitu pamoja na matandiko, mwaga chokaa, fukia. Mbwa wakipata kondo watalisambaza mtaa mzima. Sakafu ikwanguliwe samadi yote, ioshwe kwa sabuni, ndipo uweke jiki. Ile ya 3.5%, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, iache robo saa. Wengi humwaga jiki juu ya samadi halafu wanashangaa haikusaidia. Uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa bakteria.

Ng'ombe mwenyewe mtenge wiki 3 au 4, mpaka uchafu wa ukeni ukome, na akamuliwe wa mwisho.

OTC haiponyi brusela ya ng'ombe. Bakteria hujificha ndani ya seli, kwenye tezi na kiwele, dawa inawatuliza tu, halafu anaendelea kuwatoa kwenye maziwa na uzazi ujao. Ila kizazi kikioza kwa sababu ya kondo, daktari wa mifugo anaweza kuitumia kwa hilo, na hapo maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kondo kuvutwa kwa nguvu nako kunachana kizazi, mwambie kijana asirudie.

Kama ni brusela au siyo, huwezi kujua kwa macho. Mimba kutoka kuanzia mwezi wa 5 kwenda juu pamoja na kondo kubaki inaelekea huko, lakini vijidudu vingine kama leptospira na neospora navyo hufanya hivyo. Zikitoka changa, kabla ya mwezi wa 5, na majike yanarudia joto ovyo, hapo ndipo ulichunguze dume kwa trikomona, kimelea kinachoenezwa kwa kupandana. Zikitoka nyingi kwa mpigo baada ya mvua kubwa, na ndama na wana-kondoo wanakufa, usiguse kitu, ita afisa mifugo siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa.

Seramu
Naongezea upande wa maabara. Pima wote 6, si huyo mmoja. Damu mililita 5 hadi 10 kwa kila mmoja, chupa ya kizibo chekundu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache igande kivulini, kisha seramu (maji yanayobaki juu ya damu iliyoganda) itenganishwe na ikae kwenye baridi. Ukigandisha damu nzima kwenye friza, chembe zinapasuka na sampuli inaharibika.

Kipimo cha kwanza ni Rose Bengal: mikrolita 30 za seramu na 30 za antijeni (kimiminika cha kipimo), changanya, tikisa polepole dakika 4, soma hapo hapo. Ukichelewa kusoma inakauka pembeni na kuonekana kama imeganda. (Kwa mbuzi na kondoo seramu huongezwa, 75 kwa 25, la sivyo wengine wanakupita.) Aliyeonekana nao athibitishwe kwa ELISA, kipimo kingine cha kingamwili cha maabara.

Kosa la kawaida ni kumpima aliyetupa mimba siku ile ile, akionekana hana mnashangilia. Karibu na kutupa mimba kingamwili zinaweza zisionekane. Rudia baada ya wiki 3. Na uliza historia ya chanjo: aliyechanjwa S19 (chanjo ya brusela) akiwa mkubwa anaweza kuonekana mgonjwa kumbe siye.

TabibuKata
Huyo kijana ndiye mgonjwa wangu, hata kama leo yuko fiti. Dalili kwa kawaida huanza wiki 1 hadi 4, lakini zinaweza kuchukua miezi. Aende kituoni sasa, aeleze kwamba alishika kondo, wachukue damu ya mwanzo na daktari aamue kuhusu dawa za kinga. Asipoeleza, homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo vitaitwa malaria au taifodi, atameza dawa zisizohusika.

Akithibitika, matibabu ya mtu mzima ni doksisaiklini mg 100 mara 2 kwa siku wiki 6, pamoja na rifampisini wiki 6, au sindano ya streptomaisini wiki 2 hadi 3. Dawa moja peke yake haitoshi. Wengi huacha wiki ya pili homa ikishuka, na ndio wanaorudi. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 wana mpango tofauti, wasigawiwe vidonge vya mtu mwingine. Mjamzito yeyote hapo nyumbani akae mbali na banda.

MitambaNjombe
Asanteni sana wakuu. Mtindi je? Si uchachu unaua? Na mitamba niichanje sasa?

Bwana_Mifugo
Usiutegemee uchachu. Bakteria wanaweza kuvumilia siku kadhaa kwenye mtindi wa maziwa mabichi. Chemsha hadi yapande, poza, ndipo utie kianzio. Mabichi acha kuuza kuanzia leo, ya ng'ombe wote, mpaka majibu ya pili yatoke, na wateja waambie wachemshe waliyonayo.

Chanjo ya S19 ni kwa majike yenye umri wa miezi 3 hadi 6. Ukimpa mwenye mimba unaweza kumtupisha, na dume haipewi. Ni bakteria hai, mchanjaji akijichoma aende hospitali na jina la chanjo. RB51, chanjo nyingine ya brusela, kwa mfano, haisikii rifampisini, kwa hiyo daktari lazima ajue.

Atakayethibitika muuze kwa machinjio, usimuuze kwa mfugaji mwenzio mnadani. Ndama wake wa kike pia usimwamini kwa kipimo cha utotoni. Wachache hubeba bakteria bila kuonekana hadi wanapozaa mara ya kwanza. Mpime tena wiki 3 baada ya kuzaa.