Mkristo akishika ofisi, mkimbizi ni mgeni wa Bwana au ni faili?

Mwana wa Kasulu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tujadili hili bila matusi, maana limenikaa kooni tangu masika.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumesimama nje ya kanisa letu, si mbali na Makere, njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Wakaja vijana wawili Warundi, majembe begani, mmoja kavaa kandambili za rangi mbili tofauti. Walikuwa wanamtafuta mzee mmoja wa kanisa. Wamemlimia shamba la mihogo siku nne, wamepatana 3,000 kwa siku kwa kila mtu, kawapa nusu. Mzee hakulikana deni. Aliwauliza tu, tena kwa upole: "Mnataka niite askari?" Wale vijana hawakuwa na kibali cha kutoka kambini. Wakageuka, wakaondoka. Na somo la siku ile alilisoma yeye mwenyewe, Mathayo 25: "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha."

Sasa mada. Serikali yetu haina dini, hilo tumeimbishwa tangu shule ya msingi. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sawa kabisa. Lakini anayegonga muhuri kwenye kibali ana dini. Anayekaa kwenye kizuizi barabarani ana dini. Akifika kazini aiweke wapi?

Wapo ndugu zangu walokole wanaosema tukipata viongozi wacha Mungu, mkimbizi atatendewa haki. Mimi siamini. Nyerere, Mkatoliki wa misa kila asubuhi, aliwapa Warundi waliokimbia kwao 1972 ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 1983 akatunukiwa nishani ya Nansen ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mwinyi, Muislamu: Aprili 1994 Wanyarwanda wamevuka daraja la Rusumo kwa maelfu, kwa hesabu za UNHCR za wakati ule watu 250,000 ndani ya saa 24, na tukawapokea. Rais huyohuyo, Machi 1995 mpaka wa Burundi ukafungwa. Mkapa, Mkatoliki: Desemba 1996 Wanyarwanda wa Ngara wakaambiwa mwisho wao tarehe 31, askari wakawasindikiza kurudi Rusumo. Kikwete, Muislamu: mwaka 2014 Warundi wa 1972, kama watu 162,000, wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Magufuli, Mkatoliki aliyekuwa akisimama baada ya misa kuongea na waumini: Januari 2018 akaiondoa nchi kwenye mpango wa UNHCR wa kuwaingiza wakimbizi katika maisha ya jamii zinazowapokea.

Chora mstari wa dini hapo uone kama unanyooka. Ndiyo maana nasema tuache kuitazama Ikulu. Imani inapimwa pale shambani. Nawasikiliza.

Mzee wa Heru Juu

Kijana, umeandika vizuri lakini wewe ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa unanyonya. Miaka ya tisini sisi tulipanda basi la Kibondo huku askari wenye bunduki wamekaa mbele, maana njiani kuna majambazi. Silaha zile zilitoka ng'ambo. Misitu yetu imekwisha kwa kuni. Mbuzi wangu watatu walichinjwa usiku mmoja, nikakuta vichwa tu. Hayo wa Dar es Salaam hawayajui, wao wanasikia "ukarimu wa Watanzania" redioni.

Unanukuu Mathayo, nami nakupa 1 Timotheo 5:8. Asiyewatunza walio wake ameikana imani. Serikali ni baba wa nyumba. Baba gani anagawa uji kwa jirani wakati watoto wake wanalia? Na Warumi 13 inasema tutii mamlaka. Mamlaka ikisema mkimbizi akae kambini, mwacheni akae kambini. Mzee wako wa kanisa alikosea kutolipa, hilo nakubali. Lakini na wale vijana walikosea kutoka.

Mwalimu wa Kibondo

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa mbuzi. Ila hapo mwisho umeruka jambo.

Mimi nafundisha si mbali na kambi ya Nduta. Kwa nini watu wanatoka? Mwaka 2015 walipokimbia Burundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikawakuta pale, na meli Liemba ikawa inawatoa kwa mafungu, mamia kwa safari moja, kuwaleta Kigoma. Wakapewa hema na mgao. Baada ya hapo mgao ukaanza kukatwa, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Kisha masoko ya kambini yakafungwa. Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi nje, haruhusiwi kutoka bila karatasi, unga anaopewa hauufikishi mwezi mwisho. Afanye nini, anywe maji alale? Analichukua jembe.

Kwa hiyo mleta mada, na wewe nakupinga. Unasema tuangalie shambani, tuache Ikulu. Hapana! Huyo mzee wa kanisa fimbo yake kaipata wapi? Neno "askari" linamfukuza mtu mwenye haki yake kwa sababu ipo Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na kanuni zake. Bila hiyo sheria, wale vijana wangekaa pale nje ya kanisa mpaka walipwe, na waumini wote wangesikia. Dhambi ni ya mzee, lakini fimbo ni ya serikali. Huwezi kumhubiria mzee peke yake ukaacha aliyempa fimbo.

Tena tusijifanye kanisa halijui kusema na serikali. Mwaka huohuo 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa Kwaresima, maaskofu wa KKKT wakatoa wa Pasaka, nchi nzima ikauzungumza uhuru wa kisiasa. Uwezo upo. Waraka wa namna hiyo juu ya mkimbizi, uliosomwa madhabahuni kwetu, mimi siukumbuki. Labda nilikuwa nimechelewa ibada.

Mswahili wa Ujiji

Asalaam aleikum wote. Sina kanisa lakini naingia, maana mada inanihusu kwa historia.

Kwanza, mleta mada, usimpambe Kikwete sana. Operesheni Kimbunga ya 2013 ilikuwa chini yake. Kagera, Geita na huku kwetu Kigoma watu walisombwa, wengine wamezaa na kuzeekea hapa. Muha akiongea Kiha mbele ya askari aliyetoka mbali, anasikika Mrundi. Binamu yangu alikaa siku mbili ndani mpaka mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kumtambua.

Pili, unasema dini ya mtawala haina maana. Waislamu wa mwanzo kabisa, walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakimbilie wapi? Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi, karibu mwaka 615. Makuraishi, wakubwa wa Makka, wakatuma wajumbe na zawadi nono: tupe watu wetu. Najashi akawaita wakimbizi wajieleze. Jaafar bin Abi Talib akasoma aya za Sura Maryam, mfalme akalia, akaamuru zawadi zirudishwe. Hakutoa mtu.

Yule alitawala kwa imani yake na imani ikatoa haki. Tena kwa watu wasio wa dini yake! Ndugu zangu Wakristo wa Kigoma, mnaye babu mzuri huyo, mbona mmetuachia sisi tu tumsimulie?

Mwana wa Fizi, sasa Iowa

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi niliingia Nyarugusu na mama yangu kambi ikiwa changa, tulivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo. Nimesomea pale, nimebatizwa pale, nimeoa pale. Makanisa ya kambini yalikuwa mengi kuliko visima. Mzee wa Heru Juu, sisi tulikuwa tunatembea kutafuta kuni tunahesabu hatua, maana ukipita mpaka unakamatwa, na kuni za karibu zimekwisha. Msitu hatukuumaliza kwa ubaya. Maharagwe hayaivi kwa maombi.

Sasa nipo Marekani, na mjadala wenu huu uko hapa pia, tena moto. Tulifika Januari, theluji hadi magotini. Waliotupokea uwanjani ni wamama wa kanisa, na makochi, na magodoro, na sufuria nyepesi ambazo ukisonga ugali zinazunguka na mwiko. Kuna shemasi mmoja alimpeleka mama yangu hospitali kila wiki kwa gari lake, miezi minne. Mwaka 2024 nikaona kwenye bustani yake bango la Trump. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa, amri ikatoka ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Dada yangu yuko bado Nyarugusu, tulikuwa tunamngoja. Wiki ile shemasi alikuja kama kawaida, gari limewashwa, anamngoja mama yangu.

Nilimuuliza. Akanijibu karibu kama mzee wa Heru Juu: kwanza wa nyumbani. Makamu wa rais Vance, naye Mkatoliki, aliisema hoja hiyohiyo, kwamba upendo una ngazi, familia kwanza. Papa Fransisko akawaandikia maaskofu wa huku Februari 2025, akasema upendo wenyewe ni ule wa Msamaria mwema, usioacha mtu nje. Kanisa moja, Biblia moja, huyu anapanda na huyu anashuka.

Lakini Mswahili wa Ujiji, na mimi nina hofu na serikali ya dini. Mwaka 2017 Trump alisema Wakristo wa Syria watapewa kipaumbele. Watu wa kanisa langu walifurahi. Mimi nilimfikiria jirani yangu Msomali, tunapanda naye basi moja la kwenda kiwanda cha nyama saa kumi alfajiri. Yeye akimbie wapi? Najashi asingeuliza kwanza mtu anasali wapi.

Mzee wa Heru Juu

Mwanangu wa Fizi, sikusema mlikuwa wabaya. Nilisema mbuzi wangu walichinjwa. Nani kachinja sijui, hata wa kwetu wapo. Mungu amfungulie dada yako njia.

Lakini swali langu hakuna aliyelijibu. Kijiji changu kina zahanati moja, na dawa zinaisha tarehe kumi. Tuwape uraia, wakae wapi, walime wapi?

Mwalimu wa Kibondo

Mzee, Mishamo na Katumba palikuwa pori la mbung'o, leo pananenepesha Katavi kwa mahindi na tumbaku. Walipewa ardhi wakalima, chini ya TCRS, shirika la Kikristo la Walutheri lililoanza kazi nchini 1964. Pale serikali ilitoa ardhi na sheria, kanisa likatoa wataalamu na fedha. Wala hakuna aliyesema nchi imegeuzwa ya Kilutheri.

Na zahanati: kama mgonjwa wa kijijini kwako anaweza kutibiwa hospitali ya kambini, na wengi wanatibiwa, hilo nalo liandikwe kwenye hesabu.

Mzee wa Heru Juu

Hilo la hospitali ni kweli. Mke wangu alipasuliwa Nyarugusu.

Mwana wa Kasulu (mleta mada)

Asanteni. Mwalimu umenibana, nakubali. Nilidhani kuiacha Ikulu ndiyo uchaji, kumbe nilikuwa namtafutia serikali mlango wa nyuma wa kutokea. Fimbo ile ifutwe sheriani. Ila mpaka ifutwe, anayeishika kila siku ni mtu wa kanisani kwangu, na huyo ninaweza kumfuata kwa miguu. Kuhusu Najashi sina jibu. Wetu tuliowataja hawakuwa hivyo, hata mmoja, moja kwa moja.

Mswahili wa Ujiji

Mkuu, yule mzee wa kanisa alilipa au hakulipa?

Mwana wa Kasulu (mleta mada)

Tulimfuata watu watatu nyumbani kwake, Jumatano jioni. Alikasirika, mkewe akaingia ndani akatoka na 12,000 kwenye kitenge, akatuwekea mkononi bila neno. Wa kandambili tulimpata, tukampa 6,000 zake. Mwenzake alikuwa ameshapanda msafara wa kurudi Burundi wiki iliyopita. Zake bado ninazo, zimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Mwenye ndugu Ruyigi aniambie namna ya kuzifikisha.