Naomba ushauri: neno "run" linanitoa jasho

Habari zenu wakuu. Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Juzi mgeni kapiga simu toka chumbani: "We've run out of towels." Mimi nikadaka "run" na "out" tu, nikajua watu wametoka mbio, labda kuna moto. Nikapanda ngazi mbilimbili. Kumbe wameishiwa taulo!

Tangu siku hiyo nalichunguza. Bomba likitiririka, "run". Kamasi zikitoka, "run". Kuendesha duka, kugombea ubunge, basi la kila saa, zote "run". Ukikutana na mtu bila kutarajia ni "run into", na ukigonga nguzo kwa gari ni "run into" hiyohiyo. Hapo ndipo nilipochoka. Wahariri wa kamusi ya Oxford wamelihesabia maana 645 likiwa kitenzi tu.

Mwenzangu wa zamu ananicheka, eti mbona sisi tunapiga pasi, picha, kura, mswaki na magoti, na hakuna anayeumia? Sawa, lakini "piga" niliikuta nyumbani, sikufundishwa.

Mliopitia njia hii, nikariri orodha ya kamusi au niandike kila sentensi ya wageni? Daftari nimejaza kurasa tatu, ila mtu akiongea haraka vyote vinayeyuka. Na "get" bado sijaigusa.