Mbwa hai kwenye kazi ya sanaa: Guggenheim walikuwa sahihi kuiondoa ile video?

Wadau, naomba hili tulijadili bila jazba.

Mwaka 2017 makumbusho ya Guggenheim, New York, yaliandaa maonyesho ya sanaa ya China ya baada ya 1989. Kati ya kazi zilizopangwa kuonyeshwa kulikuwa na video ya dakika saba ya wasanii wa China Sun Yuan na Peng Yu, iliyorekodiwa Beijing mwaka 2003. Humo kuna mbwa wanane aina ya pit bull waliofungwa kwenye mashine za kukimbilia zisizo na mota, wawili wawili, uso kwa uso. Kila mmoja anamkimbilia mwenzake kwa nguvu zote na hamfikii ng'o. Kabla ya ufunguzi watu wakaja juu, mamia ya maelfu wakasaini ombi la kupinga, na video ikaondolewa.

Mimi nasema ilistahili kutoka. Kinachonikera ni sababu waliyoitoa: wametishiwa, wanahofia usalama wa wafanyakazi, wageni na wasanii. Maana yake vitisho visingekuwepo, video ingebaki. Mbwa wenyewe wakarukwa.

Watetezi husema sanaa lazima isumbue. Sawa, lakini mpaka mnyama aumie? Kati ya 1819 na 1823 Goya, mchoraji wa Hispania, alichora kichwa cha mbwa ukutani kwake. Mchoro ukaja kubanduliwa, na leo uko makumbusho ya Prado, Madrid. Kichwa kinachungulia nyuma ya mteremko wa rangi ya udongo, macho yameelekea juu, na huko juu hakuna kitu ila njano iliyofifia. Mwili hauonekani. Hujui anazama, anajificha, au anamtazama mtu tusiyemwona. Unanisumbua kuliko ile video, na hakuna mbwa aliyeguswa. (Goya nampenda mno, kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari.)

Mchangiaji: Mleta mada, natofautiana nawe. Wale mbwa walikimbia 2003. Kuzima video miaka 14 baadaye hakukumpumzisha hata mmoja, tumenyimwa ushahidi tu. Halafu kuna mashindano ya mbwa wanaokimbiza sungura bandia asiyeshikika, na watu wanashangilia. Pale hapana kelele kwa sababu hapaitwi sanaa?

Mleta mada: Mkuu, mashindano hayo nayo siyashabikii. Kama ni ushahidi, uwekwe kama ushahidi, na maelezo pembeni: mbwa walitoka wapi, walipumzishwa vipi, waliishia wapi. Ukiitundika kama kazi ya kusifiwa, msanii mwingine anaona njia nyeupe.

Mchangiaji mwingine: Mbona mmeng'ang'ania mateso? Msanii wa Marekani William Wegman anawapiga picha mbwa wake aina ya Weimaraner tangu miaka ya 1970, anawavisha mawigi na nguo za watu. Hawateswi, ila na wao hakuna aliyewauliza. Kama kipimo ni ridhaa, naye tumwondoe?

Mleta mada: Hapo umenibana. Ridhaa mbwa hawezi kuitoa, kwa hiyo siitumii. Ninachouliza ni hiki: akichoka, anaweza kuondoka? Aliyekalishwa kwenye kiti na wigi kichwani anaruka chini anaenda zake, picha inaharibika, basi. Wale wanane walikuwa wamefungwa. Mwenye kipimo kizuri zaidi akiweke hapa tukipime.