Konekisheni 1000 kwenye PostgreSQL: nirekebishe keneli au niweke PgBouncer?

dirisha_jeusi: Wadau habari zenu. Nina seva ya Linux, RAM GB 16, app ikichangamka tu PostgreSQL (databesi yangu) inatema "sorry, too many clients already". max_connections (kikomo cha konekisheni) bado ni ile 100 inayokuja nayo. Nipandishe hadi 1000 nikachezee keneli (kiini cha Linux) au niweke PgBouncer mbele, ile programu inayogawia wateja wengi konekisheni chache za databesi? Kila ninakosoma naambiwa mipangilio ya keneli, SHMMAX (kikomo cha memori ya pamoja), kernel.sem (kikomo cha semafo, yaani alama za kupeana zamu kati ya prosesi), kichwa kinauma.

mkongwe_wa_seva: SHMMAX achana nayo, huo ushauri wa zamani unazunguka tu watu wanakopi. Tangu toleo la 9.3 la PostgreSQL memori ya pamoja inachukuliwa kwa mmap (njia nyingine ya kuomba memori), na kuanzia la 10 hata semafo kwenye Linux ni za aina ya POSIX, kwa hiyo kernel.sem nayo haikuhusu. Cha kuangalia ni net.core.somaxconn (urefu wa foleni ya konekisheni zinazosubiri kupokelewa), keneli za kabla ya 5.4 zilikuja na 128, wateja wakigonga hodi kwa mpigo foleni inajaa.

Zuhura_db: Ila tatizo lako sio keneli kaka, ni RAM. Kila konekisheni ni prosesi nzima, halafu work_mem (memori ya kufanyia kazi) ni MB 4 kwa kila hatua ya kupanga data, sio kwa kila mtu, kwiri moja inaweza kuichukua mara kadhaa. Zidisha kwa 1000 uone. RAM ikiisha keneli inaua prosesi moja, na PostgreSQL ikiona mwenzao kauawa hivyo inakata konekisheni ZOTE ianze upya. Weka vm.overcommit_memory=2 (keneli isigawe memori kupita kikomo) hata kama hubadilishi kingine. Mimi naenda na PgBouncer, modi ya transaksheni (mteja anashika konekisheni ya databesi hadi transaksheni yake iishe tu), konekisheni za kweli 30 au 40 zinatosha app nyingi tu.

kobe_mwendo: PgBouncer sawa ila modi hiyo ina masharti yake jamani, LISTEN (kusubiri taarifa toka databesi) haifanyi kazi, SET (kubadili mpangilio wa sesheni) inaweza kumwangukia mteja mwingine, advisory lock za sesheni (kufuli za app yenyewe) sahau. Prepared statement (kwiri zilizoandaliwa kabla) zinakubali kuanzia PgBouncer 1.21, hakikisha max_prepared_statements sio 0.

mkongwe_wa_seva: Na hapo ndo keneli inarudi 😂 PgBouncer ni prosesi moja, kila mteja anahesabika kama faili moja lililofunguliwa, ulimit (kikomo cha mafaili hayo) ikiwa 1024 hao 1000 hawaenei ukijumlisha na upande wa databesi. Usihangaike na limits.conf, systemd (inayoendesha sevisi za Linux) haiisomi, andika LimitNOFILE=65536 kwenye faili la sevisi yenyewe.

dirisha_jeusi: Poa, app yangu haina LISTEN. Naanza na PgBouncer, max_connections naiacha hapo hapo 100.