Mwandishi wa programu aliyebobea hutambulikaje?

Muulizaji:
Habari zenu, wadau. Kazini kwetu husifiwa zaidi yule anayemaliza kuandika kodi (maagizo ya programu) mapema, ilhali wengine tunashindwa kuisoma. Je, wepesi ndio ubingwa?

Jibu la 1:
Ndugu, ubingwa huonekana mambo yanapoharibika. Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka Mwezini, kompyuta yake ilizidiwa na kazi na kutoa onyo namba 1202. Lakini kwa kuwa waandishi wa programu hiyo huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, miongoni mwao Margaret Hamilton, walikuwa wameipanga iziache kazi ndogo na kuendelea na zile za lazima, wanaanga walitua salama. Hayo ni matunda ya kujiuliza mapema ni kitu gani kinaweza kwenda mrama.

Jibu la 2:
Naafiki kabisa, ila unyenyekevu nao tusiusahau. Donald Knuth, aliyebuni TeX, programu ya kupangia kurasa za vitabu na makala, kwa miaka mingi aliwatuza fedha watu waliogundua makosa ndani yake.

Jibu la 3:
Mimi hutazama majina ambayo mtu huvipa vitu ndani ya programu. Anayeandika “salioLaMteja” badala ya “x2” anamfikiria mwenzake atakayeirekebisha programu hiyo usiku, mfumo wa malipo ukiwa umekwama.