Mbaraka, ule wa maua ya njano kiangazi, naupandaje nyumbani?

Mama_Nala: Habarini wakuu. Nimejenga huku Nala, Dodoma, maji ya bomba kwetu ni ya mgao kwaio maua yote niliyopanda yameungua na jua. Sasa mwezi wa nane ukipita porini kila kitu kimekauka alafu unakutana na kichaka hakina jani hata moja ila kimejaa maua ya njano kinanukia vizuri kweli, mama mkwe akaniambia ndo mbaraka, wao wanauita mhumba. Nikachimba miche mitatu nikaileta getini nikawa naimwagilia asubuhi na jioni, wiki mbili yote imekufa. Nikanunua mwingine kwenye kitalu, kijana akaniapia ni huohuo, jirani kauona anasema ni mjohoro. Nisaidieni, huu mti naupenda sana.

fundi_miche: Pole sana dada. Wa porini usichimbe, mzizi wake mkuu unashuka chini mno, hata kamche ka kiganja kimoja ukikata ule mzizi hakaponi, na maji mengi hivo ndo yamemalizia. Anza na mbegu. Chuma maganda yakishakauka, ni membamba na yamebanwabanwa kati ya mbegu na mbegu. Mbegu ina ngozi ngumu ukiifukia hivohivo itakaa tu, kwaio chemsha maji, epua, mwagia juu ya mbegu uziache humohumo mpaka kesho, zilizovimba panda, ambazo bado zikwangue kidogo pembeni kwa kikatio cha kucha urudie. Tumia viriba virefu, vile vifuko vya kuoteshea miche. Mvua za Desemba zikikolea ndo uhamishie shimoni, chana kiriba taratibu udongo usivunjike. Ukishashika usiubembeleze na maji, kiangazi ndo msimu wake wa kuchanua.

Babu Kongwa: Mwanangu, kuutambua angalia kikonyo cha jani, mbaraka una vitezi vidogo kama vichunusi kati ya kila jozi ya vijani, mjohoro hauna. Mjohoro asili yake Asia, unakuwa mti mkubwa, usiuache hapo karibu na ukuta. Na usishawishike na yale maua ya kengele za njano kutoka Amerika, mbegu zake zina mabawa zinapeperuka na kuota kila mahali.

nyuki_asali: Ukichanua kaa uangalie wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, wanalikumbatia ua wanatetemeka mpaka chavua inamwagika, maana haitoki bila kutikiswa.

Mama_Nala: Asanteni jamani, Babu nimeenda kuangalia mche, vichunusi hakuna kabisa, ni mjohoro, nauhamishia kule bondeni. Maganda nimepata mfuko mzima ila nusu ya mbegu zina vitundu vya wadudu. Nimebakiwa na nzima 41, zipo kwenye maji ya moto saa hizi.