Wembe unang'aa kama kioo lakini haunyoi: nimekosea wapi katika kuunoa?

Mwanagenzi ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa muda wa wiki tatu sasa. Ninao wembe wa kukunja, ule wa mtindo wa zamani ambao huchomolewa kutoka ndani ya mpini wake, niliorithi kwa mjomba wangu ukiwa butu kabisa, ingawa haukuwa na kutu wala mapengo kwenye makali. Nimeamua kujifunza kuunoa mwenyewe nyumbani. Nina vinoo vinne vya maji, vya namba 1000, 4000, 8000 na 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), pamoja na mkanda wa ngozi ambao upande wake wa pili ni kitambaa.

Nilianza kwa kubandika utepe wa plastiki, ule wanaoutumia mafundi wa umeme, juu ya mgongo wa wembe ili usilike, kisha nikaulaza wembe kwenye kinoo cha 1000, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, nikaupeleka na kuurudisha mara 60 hivi. Nilikuwa nikitanguliza makali, na kila nikifika mwisho wa jiwe ninaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Nikahamia 4000 kwa mara 40. Hapo utepe ulikuwa umeanza kuchanika, nikaona hauna kazi tena kwa kuwa mawe yaliyobaki ni laini, nikaubandua. Nikamalizia kwa 8000 na 12000, halafu mara 50 kwenye mkanda.

Makali yanang'aa kiasi kwamba ninaiona taa ya dari ndani yake. Hata hivyo, nikipaka povu na kuuweka shavuni, wembe unazivuta ndevu badala ya kuzikata, na nilipofika kidevuni machozi yalinilengalenga. Nimerudia 8000 na 12000 mara tatu. Kila mara unang'aa zaidi, na kila mara haunyoi. Je, tatizo ni mkanda, ni vinoo, au ni mkono wangu?

Babu Ndevu amejibu:

Mwanangu, mimi ningeanza na mkanda. Wanaoanza wengi hunoa vizuri kisha wakayaharibu makali kwenye ngozi. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye ngozi hutangulia mgongo, na makali hufuata nyuma. Mgongo usinyanyuke hata kidogo, hasa pale unapogeuza, kwa maana ukinyanyuka tu makali hujikunja na kazi yote ya jiwe inapotea. Mkanda nao uwe umekazwa. Ukilegea hubonyea katikati, na makali yakaviringika juu ya huo mbonyeo. Anza na kitambaa mara 20 au 30, kisha ngozi mara 50, polepole. Kasi utaizoea baadaye. Vilevile, ukiweza kupata pasta ya kijani ya oksidi ya kromi, ile ya kung'arishia makali, ipake kidogo kwenye mkanda mwingine uone kama itasaidia.

Fundi Makali amejibu:

Kwa heshima zote kwa Babu, ambaye maneno yake kuhusu mkanda ni ya kweli tupu, nadhani jibu limo ndani ya maelezo ya Mwanagenzi mwenyewe: utepe uliobanduliwa katikati ya safari.

Wembe wa namna hii hauhitaji mtu akisie pembe, kwa sababu mgongo ndio unaoipanga. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wenye unene wa milimita 4.5, ukiulaza, pande mbili za makali zitakutana kwa pembe ya digrii 16 hivi. Ukiweka utepe, mgongo unapanda na pembe inakua kwa karibu digrii moja. Utaona ni kitu kidogo, lakini sehemu inayonolewa yenyewe ni mteremko mwembamba usiozidi upana wa uzi wa kushonea. Ulipokuwa na utepe ulichonga mteremko wenye pembe kubwa. Ulipoubandua, mgongo ulishuka, na jiwe la 8000 likawa linagusa nyuma ya mteremko ule, mbali na makali. Kwa hiyo kinachong'aa ni bega la mteremko. Makali yenyewe hayajakutana na 8000 wala 12000 tangu uanze. Yamebaki na mikwaruzo ya 4000, na hiyo ndiyo inayozivuta ndevu zako.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chukua kalamu ya wino mzito, ile isiyofutika kwa maji, uupake mteremko wote kuanzia shina, yaani upande wa mpini, hadi ncha, pande zote mbili. Wino ukikauka, pitisha wembe kwenye 8000 bila utepe mara tatu tu, kisha uutazame kwa kioo cha kukuzia chini ya taa. Wino ukibaki kama mstari mweusi kwenye makali na kufutika nyuma yake, basi jiwe halifiki pale linapotakiwa.

Pasta iache kwanza. Kwenye makali ambayo hayajakamilika huyapa wembamba wa uongo: leo utanyoa, kesho utalalamika.

Mwanagenzi amejibu:

Fundi, nimefanya kama ulivyoelekeza na nimeduwaa. Mstari mweusi umebaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwembamba kama unywele, na nyuma yake chuma ni cheupe. Nilirudi kwenye 1000, safari hii bila utepe, nikapaka wino upya. Baada ya mara 30 mstari umetoweka karibu kote, isipokuwa sentimita moja hivi upande wa shina. Hapo wino haufutiki hata nikikandamiza. Je, nikandamize zaidi? Na nitajuaje kwamba 1000 imemaliza kazi yake?

Binti Kinyozi amejibu:

Kaka, tafadhali usikandamize. Ukikandamiza wembe hupinda kidogo, kwa kuwa chuma chake katikati ni chembamba sana, na utachonga mahali usipokusudia. Nguvu kidogo inaruhusiwa mwanzoni mwa 1000. Kuanzia 8000 uzito wa wembe wenyewe unatosha, na vidole viwe vya kuuongoza tu.

Hiyo sentimita ya shina ninaifahamu, kwa maana ilinitesa mwaka mzima. Tazama pale ambapo makali yanaishia na mkia wa wembe unaanzia: mara nyingi pana uvimbe wa chuma, kama goti. Ukiuingiza wembe wote juu ya jiwe, goti hilo hupanda ukingoni na kuyanyanyua makali ya jirani yake. Liache goti nje ya jiwe. Anza shina likiwa karibu na ukingo, kisha unapousukuma wembe mbele uuvute taratibu kando, ili unapofika mwisho wa jiwe ncha ndiyo iwe juu yake. Njia ya wembe ikichorwa kwa kwenda na kurudi hupatikana kama herufi X. Mwendo huu ni wa lazima pia pale ambapo kinoo ni chembamba kuliko urefu wa makali.

Jambo la pili, ambalo hukulitaja: je, vinoo vyako ni bapa? Hata kinoo kipya huweza kuwa na bonde. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, iliyopishana kama wavu wa samaki, kisha ulisugue kwa bamba la almasi, au kwa msasa wa maji uliotandazwa juu ya kipande cha kioo kinene. Mistari ya katikati ikibaki baada ya ile ya pembeni kufutika, hapo pana bonde. Endelea hadi yote ifutike, kisha uyasuguesugue makona ya jiwe yasije yakakwangua makali.

Kuhusu 1000 kumaliza kazi: lowesha mkono, uguse vinyweleo kwa kila sehemu ya makali, shina, katikati na ncha. Vikikatika kote kwa wepesi uleule, songa mbele. Sehemu moja ikisita, hakuna jiwe laini litakalokuokoa.

Fundi Makali amejibu:

Naafiki yote. Na ikiwa siku moja utataka kurudisha utepe, si kosa, ila uanze nao 1000 na umalize nao 12000, ukiubadilisha kwa utepe mpya wa unene uleule unapochakaa.

Babu Ndevu amejibu:

Nami nimejifunza. Hiyo habari ya utepe haikunipitia akilini kabisa, kwa kuwa enzi zetu hatukuutumia. Migongo ililika na makali yakalika pamoja nayo, pembe ikabaki ileile.

Mwanagenzi amejibu:

Naleta matokeo. Kinoo cha 1000 kilikuwa na bonde kweli. Mistari ya penseli ya katikati iligoma kwa karibu robo saa. Baada ya kukisawazisha nikanoa kwa mwendo wa X, goti likiwa nje. Mara ya 80 hivi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: yale maji yaliyo mbele ya makali yakawa yanapanda juu ya wembe kwa usawa, kuanzia shina hadi ncha, badala ya kusukumwa mbele. Vinyweleo vya mkono vilikatika kote. Nikapita 4000, 8000 na 12000, nikimalizia kwa uzito wa wembe tu, kisha mkanda kama alivyosema Babu.

Leo asubuhi mashavu yote mawili yamenyoleka, na nilichokisikia ni mlio mdogo tu kama wa karatasi inayochanwa polepole. Limebaki eneo moja: chini ya taya la kushoto bado ninahisi kukwaruzwa. Je, nirudi kwenye jiwe?

Binti Kinyozi amejibu:

Usirudi. Ikiwa wembe huohuo umenyoa taya la kulia bila shida, makali hayana kosa. Upande wa kushoto mkono wako unavuka uso, kifundo kinapinda na mgongo wa wembe unanyanyuka mno kutoka kwenye ngozi. Ulaze hadi pembe iwe digrii 30 hivi, uivute ngozi kwa mkono mwingine kuelekea sikioni, au ujaribu kuushika kwa mkono wa kushoto.